Mwasho ukiisha kwa siku mbili, usishangilie bado

Umetoka kwa kinyozi Keroka ukiwa umependeza. Wiki moja baadaye kidoa kinatokea shingoni. Kinawasha. Kinapanuka kuwa duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakionekana kama pamepona. Kwa ngozi yetu nyeusi si lazima kiwe chekundu; mara nyingi huwa cha kahawia au kijivu.

Hicho ni choa, na kikiwa kichwani twakiita mapunye. Hujarogwa. Wala si mnyoo, hata kama jina lake la Kiingereza linadai hivyo. Ni kuvu, na kuvu hupenda unyevu, kitu ambacho Kisii na Nyamira hazikosi. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, taulo haikauki, na bwenini mnaitumia wawili.

Sasa dawa. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Unaingia duka la dawa, unaomba "ile ya kuwasha", unapewa tyubu ya bei nafuu. Siku ya pili mwasho umeisha, unamsifu muuzaji. Wiki ya tatu duara limerudi, kubwa kuliko mwanzo. Huenda tyubu hiyo ilikuwa na steroidi, mfano betamethasoni au klobetasoli (zilezile zinazopatikana katika baadhi ya krimu za kujichubua). Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi: mwasho unatulia, kuvu inasambaa kwa raha zake. Kwa hivyo uliza kabla ya kulipa: hii ina steroidi?

Unachotaka ni dawa ya kuvu pekee, kama klotrimazoli. Osha, kausha kabisa, paka mara mbili kwa siku hadi nje kidogo ya ukingo. Huchukua wiki 2 hadi 4, na ngozi ikishakuwa safi, ongeza wiki nyingine 1 au 2. Jik waachie nguo, maji ya betri waachie mafundi wa magari.

Mapunye ya kichwani ni kesi tofauti. Kuvu imeshuka hadi kwenye mizizi ya nywele, krimu haifiki huko. Nenda zahanati uandikiwe tembe, kama vile griseofulvini, utakazomeza kwa wiki kadhaa. Dada, kama una mimba sema mapema, maana hizo hazikufai.

Na ukirudi nyumbani, mtazame ndama unayemlisha kila asubuhi. Akiwa na mabaka ya kijivu usoni, mwite daktari wa mifugo, la sivyo mtaambukizana tena.