Ukiweka diski kwenye Land Rover ya zamani, usiisahau pedeli

Aliyewahi kuteremka kuelekea Murongo, kwenye Mto Kagera, na Land Rover 109 ya miaka ya 1970 iliyopakia ndizi, anajua mguu unavyozama. Gari hilo lina breki za ngoma magurudumu yote manne. Ngoma ikipata moto hutanuka, ikavikimbia viatu vyake. Dereva anakanyaga zaidi na kupata kidogo. Kampuni yenyewe iliweka diski mbele ilipotoa One Ten mwaka 1983. Kwa hiyo mwenye gari la zamani, wa Karagwe au Kyerwa, akitaka kubadilisha, namuunga mkono. Ninamwomba tu asikubali fundi amalizie kazi kwenye magurudumu.

Ngoma hujisaidia: ikizunguka hukivuta kiatu kikajibana chenyewe. Pedi za diski hazivutwi hivyo, zinataka nguvu kubwa zaidi, ndiyo sababu tunafunga busta. Lakini pedeli ya zamani ilitengenezwa kwa mguu usio na msaidizi. Kwa kawaida pedeli ya namna hiyo huzidisha nguvu ya mguu kama mara 6. Yenye busta, kama mara 4. Ukiiacha ile ya mara 6 na juu yake ukaongeza busta, magurudumu yatajifunga kwa kuguswa tu, na kwenye changarawe gari litakwenda linakotaka. Dawa ni kuhamisha tundu la pushirodi kwenye mkono wa pedeli, lisogee mbali na egemeo, na pushirodi iingie kwenye busta ikiwa imenyooka.

Kazi inayoharibika zaidi ni ile nafasi kati ya pushirodi ya busta na pistoni ya masta silinda. Iache kama milimita 1. Ndani ya masta silinda mna kitundu ambamo mafuta hurudi kwenye kopo mguu unapoachia. Pushirodi ikizidi urefu, pistoni hairudi mpaka mwisho, kitundu kinazibwa, mafuta yaliyopata moto yanatanuka bila pa kwenda, na pedi zinaing'ang'ania diski. Hapo umenunua diski ili ukimbie moto, ukauleta mwenyewe. Swichi ya taa za breki inayoikandamiza pedeli nayo huleta balaa hilohilo.

Busta hutumia ombwe, na injini ya dizeli haitengenezi ombwe la kutosha. Inahitaji pampu, ambayo kwenye dizeli nyingi za Toyota imefungwa nyuma ya alteneta. Aliyebadilisha injini asiiache. Tena, kwenye mwinuko wa meta 1,500, kama vilivyo vilima vingi vya Karagwe, hewa ni nyepesi, na msaada wa busta hupungua karibu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Usichague busta ndogo.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, ombwe halifiki. Halafu endesha kilometa chache bila kutumia breki sana, usogeze kiganja karibu na magurudumu ya mbele. Yakiwa ya moto na mazito kuzunguka, legeza nati za masta silinda, uivute mbele kidogo. Magurudumu yakiachia papo hapo, pushirodi ni ndefu: ifupishe kabla gari halijapakia mzigo.