Baridi ya Pare: Kwa nini boda hugoma asubuhi, na makosa yanayoweza kuua

Saa 11 alfajiri, mwezi wa Julai, juu kule Chome. Ukungu umeshuka mpaka usawa wa migomba. Dereva wa boda anapiga kiki ya kumi, pikipiki inakohoa mara mbili halafu kimya. Pembeni yuko mama mjamzito aliyejifunga khanga mbili, anasubiri kushushwa hospitali mjini Same.

Hali kama hii ni ya kawaida milimani Pare kati ya Juni na Agosti. Kijiji kikiwa hakina gari asubuhi, boda ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo basi la shule, na ndiyo inayoshusha magunia ya tangawizi kutoka Mamba Miamba. Ikigoma kuwaka, kuna mtu anachelewa. Ikiwaka na dereva akafanya makosa ya msimu wa baridi, kuna mtu anaweza asifike kabisa.

Same joto, juu baridi

Wasafiri wengi huijua Same kwa jua na vumbi la barabara kuu ya kwenda Moshi. Mji uko chini kidogo ya mita 900 kutoka usawa wa bahari. Lakini kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote kwenye milima ya Pare, kina mita 2,462.

Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake, saa ileile ambayo mtu wa Same amevaa fulana, karibu na Shengena kunaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi 9 au 10. Vijiji vya Chome, Suji, Mbaga na Mamba viko katikati, kila kimoja na baridi yake.

Halafu kuna unyevu. Hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hugonga milima na kupanda, inapoa, inakuwa ukungu na manyunyu. Ikivuka kwenda upande wa Same imeshakauka. Ndiyo maana chini kuna vumbi na juu kuna utelezi siku hiyohiyo.

Ndani ya injini kunatokea nini?

Mambo matatu hutokea kwa pamoja.

Kwanza, petroli. Injini haichomi petroli ya maji, inachoma mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kukiwa na baridi petroli hugeuka mvuke kwa shida, kwa hiyo mchanganyiko unaofika kwenye plagi unakuwa na hewa nyingi na mafuta kiduchu. Cheche inapiga, lakini hakuna cha kutosha kuwaka.

Pili, oili. Ikilala usiku kucha kwenye baridi inakuwa nzito. Injini inazunguka kwa uvivu, na sekunde za mwanzo sehemu za juu hazijapata oili vizuri.

Tatu, betri. Kazi ya kikemikali ndani yake hupungua kasi kwenye baridi. Betri iliyochoka, ambayo Same bado inawasha kwa kitufe, Mbaga inatoa mlio wa "tik" tu.

Kuna na la nne ambalo wengi hawalijui: mwinuko wenyewe. Hewa hupungua uzito kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa na fundi wa Same ikifika juu inapata hewa pungufu kwa mafuta yaleyale. Inakosa nguvu, inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi. Si lazima fundi awe amekuibia. Huenda pikipiki iko mahali tofauti na pale iliposetiwa.

Jinsi ya kuiwasha bila kuiumiza

Kwa pikipiki za kabureta, ambazo ndizo nyingi vijijini, utaratibu ni huu:

1. Fungua koki ya mafuta, weka gia nyutro.
2. Vuta choki mpaka mwisho. Choki hupunguza hewa ili mafuta yawe mengi zaidi kwenye mchanganyiko.
3. Kabla ya kufungua swichi, piga kiki polepole mara mbili au tatu. Hapo unaisaidia oili kuanza kutembea.
4. Fungua swichi, piga kiki moja ya nguvu. Usivute mafuta.
5. Ikiwaka, iache ingurume yenyewe dakika moja au mbili huku ukirudisha choki kidogo kidogo.
6. Ondoka taratibu. Kilomita ya kwanza usiivute kwa fujo, hasa kama unaanza na mlima.

Ukitumia kitufe, usikishikilie zaidi ya sekunde 5. Achia, subiri kidogo, jaribu tena. Kukishikilia mfululizo kunamaliza betri.

Ukianza kusikia harufu kali ya petroli, injini imezidiwa mafuta. Rudisha choki, vuta mafuta mpaka mwisho, kisha piga kiki mara kadhaa. Ikikataa, fungua plagi, ifute mpaka ikauke, irudishe. Kibatari, kiberiti na sigara vikae mbali.

Kosa la kawaida ni kuondoka na choki ikiwa imevutwa. Petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine hushuka kuchanganyika na oili ya chini. Injini inalika kidogo kidogo, na mafuta yanaisha haraka.

Wengine huiwasha kwa kuisukuma kwenye mteremko. Inafanya kazi, lakini abiria ashuke kwanza. Pikipiki isiyowaka, kwenye utelezi, ikiwa na watu wawili juu, si ya kujaribia.

Kuhusu oili, angalia namba kwenye kopo. Ile iliyo kabla ya herufi W inaeleza jinsi oili inavyotembea ikiwa baridi: ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi asubuhi. Lakini usibadilishe kwa kusikia kijiweni. Fuata kitabu cha pikipiki yako.

Usiipashe moto ndani ya nyumba

Kwa sababu ya wezi na baridi, wengi hulaza pikipiki sebuleni au kwenye chumba cha mbele. Kuilaza si tatizo kubwa kama haivuji mafuta na hakuna moto karibu. Hatari ni kuiwashia humo na kuiacha ingurume huku mlango umefungwa.

Moshi wa injini una kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe zinazobeba oksijeni, na ina nguvu ya kushika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Ni gesi ileile inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi.

Sheria ni moja: toa pikipiki nje, ndipo uwashe. Hata kama mvua inanyesha. Na ukimkuta mtu amezidiwa, mtoe kwenye hewa safi kwanza, kisha tafuta msaada wa hospitali haraka.

Kushuka fri kunaokoa mia tano, kunagharimu zaidi

Barabara ya Mwembe kupanda Mbaga ina miteremko mirefu na kona nyingi. Wakati wa kushuka, baadhi ya madereva huzima injini au kuweka nyutro ili kuokoa mafuta. Wanaita kushuka fri.

Pikipiki ikiwa kwenye gia ya chini, injini yenyewe inaizuia isikimbie. Ukiweka nyutro, kazi yote inahamia kwenye breki. Breki zinazokamuliwa muda mrefu zinapata moto na kuanza kupoteza nguvu, na wakati huo mwendo unaongezeka. Breki zilizolowa manyunyu nazo huchelewa kushika mwanzoni.

Kwa hiyo: gia namba mbili au moja, injini inawaka, breki kwa vipindi. Nyuma na mbele kwa pamoja, taratibu. Kwenye tope, ukikamata ya mbele ghafla tairi linakimbia.

Vidole vikifa ganzi

Kukiwa na nyuzi 10 na ukaendesha kilomita 40 kwa saa, upepo hufanya ngozi ihisi kama nyuzi 6. Vidole ndivyo vya kwanza kuumia, na vidole ndivyo vinavyoshika breki na klachi.

Kwa mwendo huo pikipiki inakwenda mita 11 kila sekunde. Ukichelewa sekunde moja kukamata breki, umeshasogea mita 11 mbele. Kwenye ukungu ambao unaona mita 20 tu, hiyo ni zaidi ya nusu.

Glavu za bei ya kawaida, koti la kuzuia upepo, helmeti yenye kioo safi, taa kuwashwa hata mchana. Na abiria naye avae helmeti na koti. Yeye hafanyi chochote huko nyuma zaidi ya kupigwa na baridi.

Na boti za Nyumba ya Mungu?

Magharibi ya Pare Kaskazini kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye Mto Pangani. Huko baridi si kali kama mlimani, lakini alfajiri ya Julai yenye upepo inawasumbua wenye injini za boti kwa namna ileile: choki, subira, kisha safari.

Tofauti kubwa ni kwamba injini ya boti hupozwa na maji ya bwawa. Usiiwashe ikiwa nchi kavu eti kuipasha, kwani pampu yake ya maji huungua haraka bila maji. Ikishawaka majini, tazama kijimfereji cha maji kinachotoka pembeni ya injini. Kama hakitoki, zima. Zile zinazochanganywa oili na petroli, changanya vizuri kabla ya kumimina kwenye tangi, maana oili baridi hukaa chini.

Jambo la mwisho ni jaketi la kuokolea. Livae kabla ya kuvuta kamba ya injini, kwa sababu watu huanguka wakati huohuo wa kuvuta wakiwa wamesimama. Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa mara nyingi kuliko hewa, na mikono iliyopoa haiogelei vizuri. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mkono wa nahodha, ili akianguka boti isimkimbie au kumrudia na pangaboi.

Kabla ya kutoka kesho asubuhi

- Lala na tangi lenye mafuta ya kutosha.
- Amka dakika 10 mapema kuliko kawaida.
- Washa nje, choki, subiri, rudisha choki.
- Jaribu breki zote mbili kabla abiria hajapanda.
- Shuka na gia.

Abiria naye ana haki ya kusema. Dereva akizima injini juu ya mteremko, mwambie: "Kaka, washa, weka gia." Akikataa, shuka, subiri boda nyingine.