Istilahi za Injini Zishindiliwazo Hewa

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo gari dogo lenye mbio, ambalo injini yake hulishwa hewa kwa nguvu. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la mafundi na vijana wapenda magari peke yao. Sivyo. Magari ya namna hii, yaliyokwisha kutumika ng'ambo, huingia Afrika ya Mashariki, na pamoja nayo huja vitabu vya maelekezo, hati za bima na mafunzo ya vyuo vya ufundi. Mfasiri akikosea jina la chombo kimoja, anayelipa gharama ni mwenye gari.

Kwanza tuiangalie dhana yenyewe. Injini huchoma petroli pamoja na hewa. Katika injini ya kawaida pistoni ishukapo huivuta hewa, na kiasi kiingiacho hutegemea ukubwa wa silinda. Hewa ikishindiliwa kabla ya kuingia, nyingi zaidi hutosha mahali pale pale, petroli nyingi zaidi huchomeka, na injini ndogo hutoa nguvu za injini kubwa. Chombo cha kazi hiyo ni cha namna mbili, kufuatana na kinachokizungusha. Cha kwanza huzungushwa na injini yenyewe, aghalabu kwa mkanda. Cha pili huzungushwa na moshi utokao katika injini: moshi hulipiga gurudumu lenye mapanga, nalo huligeuza gurudumu la pili lishindilialo hewa. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili la pili mwaka 1905.

Neno "turbo" si geni masikioni mwetu. Wapenzi wa mbio za Safari Rally za Kenya walilisikia sana mwaka 1984, 1985 na 1986, Toyota Celica yenye turbo iliposhinda mara tatu mfululizo. Taabu ni kwamba siku hizi kila chombo kishindilialo hewa huitwa turbo. Mfano mzuri wa hatari yake ni gari dogo MINI Cooper S, liundwalo Oxford, Uingereza. Lile la kizazi cha kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2002, lina chombo cha mkanda. Kizazi cha pili kilipotokea mwaka 2006 kilikuwa na turbo, ingawa ukubwa wa injini ulibaki sentimita za ujazo 1,598. Tena lile la paa la kukunja liliendelea na chombo cha mkanda hadi mwaka 2008. Jina la gari, basi, halitoshi kumwonyesha msomaji chombo alicho nacho, wala mwaka wa kuundwa hautoshi.

Matunzo ya vyombo hivi viwili hayafanani. Turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku ikipigwa na moshi mkali, nayo hulainishwa kwa oili ya injini. Oili ikichakaa au ikipungua, turbo hufa upesi. Ndiyo maana vitabu vingi, hasa vya magari ya zamani, humwagiza dereva aliyetoka kuendesha kwa kasi aiache injini ingurume polepole kwa muda kabla ya kuizima. Chombo cha mkanda hakipigwi na moshi. Cha MINI kina oili yake mbali na ile ya injini, na mkanda wake hauna budi kukaguliwa. Mfasiri aandikapo "turbo" kwa vyote viwili, huwa amemficha mwenye gari mkanda wa kukagua.

Je, tukope neno "supachaja"? Hatuoni kwamba linafaa. Msomaji wetu anaijua chaja ya simu, naye atadhani ni chombo cha kutia umeme. Isitoshe, tangu mwaka 2012 kampuni ya Tesla ya Marekani imelitumia jina Supercharger kwa vituo vyake vya kutilia umeme magari. Wajerumani nao zamani waliandika "Kompressor" nyuma ya baadhi ya magari ya Mercedes-Benz, lakini kwetu kompresa ni ile ya kujazia upepo matairi, au ile ya jokofu.

Tunaona lugha yenyewe inatosha. Mwenye gobore hushindilia baruti, na mwuza mkaa hushindilia gunia. Kutokana na kitenzi hicho, na kwa kufuata mfano wa kizibo na kifuniko, tunapendekeza:

(a) Kishindilio: jina la jumla la chombo kishindilialo hewa.

(b) Kishindilio cha mkanda: kile kizungushwacho na injini.

(c) Kishindilio cha moshi, au kwa ufupi turbo: kile kizungushwacho na moshi. Pana watakaosema kwamba jina hili lamaanisha kushindilia moshi. Tunawajibu kwamba gari la moshi halikupata kudhaniwa kuwa labeba moshi, wala kinu cha upepo kuwa chasaga upepo.

(d) Kipozahewa: chombo kipunguzacho joto la hewa iliyoshindiliwa kabla haijaingia katika injini. Kisichanganywe na kiyoyozi, ambacho humburudisha abiria.

(e) Kukawia kwa turbo: ule muda mfupi kati ya kukanyaga mafuta na nguvu kufika, kwa kuwa moshi haujawa mwingi. "Kusita" halifai, kwani laashiria ubovu.

Kuhusu gari lenyewe, tunashauri "gari dogo lenye mbio". "Gari la mchezo" ni la watoto, na "gari la mashindano" libaki kwa yale yashindanayo kweli.

Haya ni mapendekezo, bado si istilahi sanifu. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu madarasani na mbele ya mafundi, kisha watuandikie. Neno lisilokubaliwa gereji halitakuwa na maisha marefu kamusini.