Mwenye karasha anapima dhahabu, lakini hapimi injini

GEITA/SHINYANGA: Hakuna mfanyabiashara wa Geita au Kahama atakayekubali kuuza dhahabu kwa kukadiria uzito kiganjani. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, muuzaji mdogo naye amezoea kusimama mbele ya mizani na kusoma gramu zake mwenyewe. Hata hivyo, injini ya dizeli inayozungusha karasha lake mara nyingi hufungwa kwa nguvu ya mkono wa fundi tu, bila kipimo chochote.

Hapo ndipo mtaji unapovuja. Bolti za hedi zisipolingana mkazo, hedi huachia upande mmoja. Gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, injini inachemka na hedi inapinda. Mwenye mali analipia gasketi nyingine, oili nyingine, kuchonga hedi na ujira wa fundi kwa mara ya pili. Wakati huohuo karasha limesimama, na mwenye mawe hasubiri. Anahamia kwa jirani. Kukaza kupita kiasi nako ni hasara, kwani bolti huvutika au hukatikia ndani ya bloku.

Dawa yake ni toki renchi, yaani spana yenye kipimo cha mkazo.

Ipi inunuliwe?

Ziko za aina tatu. Ya mshale ni rahisi kwa bei na haiharibiki upesi, ila ni ngumu kuisoma pale injini ilipobanwa kwenye kona. Ya mlio hutegwa namba, kisha hulia "ka!" mkazo ukifika, ndiyo inayofaa gereji nyingi. Ya kidijitali husomeka vizuri, lakini inahitaji betri na haipendi vumbi, na vumbi la mawe machimboni halina likizo.

Usinunue kubwa kwa kudhani ndiyo bora. Toki renchi nyingi hazifai kutegemewa chini ya sehemu ya tano ya kipimo chake cha juu. Yenye kichwa cha nusu inchi na kipimo cha Nyutoni-mita (Nm) 40 hadi 200 hufaa hedi za injini nyingi za kati, lakini si bolti ndogo za Nm 10. Fungua kwanza kitabu cha injini yako, ndipo uende dukani.

Dukani, uliza cheti cha upimaji na ulinganishe namba yake na ile iliyogongwa kwenye chombo. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 6789, ya mlio iliyo ya kawaida haitakiwi kukosea zaidi ya asilimia 4. Isiyo na cheti wala namba ni spana ya kawaida iliyovikwa bei kubwa.

Matumizi

Safisha nyuzi za bolti na ufuate kitabu kinavyosema kuhusu kupaka oili. Takriban sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya kukaza huliwa na msuguano, hivyo oili kidogo tu hubadili hesabu yote. Isipokuwa kitabu kimeagiza vingine, anza bolti za katikati kuelekea nje, kwa hatua. Kama kinataka Nm 90, pita kwa 30, kisha 60, ndipo 90. Vuta polepole na uache kwenye mlio wa kwanza. Injini nyingine hukazwa kwa nyuzi za pembe na hutaka bolti mpya kila hedi inapofunguliwa.

Angalia pia vipimo. Kitabu kikiandika pauni-futi 60, hiyo ni sawa na Nm 81. Fundi akitega Nm 60, hedi imepata robo tatu tu ya mkazo wake. Vitabu vingine vya zamani vya Kijapani hutumia kilogramu-mita. 1 ni karibu Nm 9.8.

Toki renchi haifungulii nati iliyoganda. Ya mlio, baada ya kazi, irudishwe kwenye alama yake ya chini kabisa, na ipimwe upya kila mwaka au baada ya kutumika mara 5,000.

Hesabu ya mwekezaji

Wenye makarasha watatu au wanne wa mwalo mmoja wanaweza kuchangia moja na kuikabidhi kwa mtu mmoja. Kwa wauza vipuri, ni bidhaa ya kuwekwa pamoja na gasketi na soketi, au hata ya kukodishwa kwa siku kwa dhamana.

Kabla ya kusema ni ghali, chukua karatasi. Upande mmoja andika bei yake. Upande wa pili andika mapato ya karasha kwa siku, zidisha kwa siku ulizosimama mara ya mwisho hedi ilipofunguliwa, kisha ongeza gharama za fundi na vipuri. Linganisha.