Gari Likichemsha Mlimani

Barabara itokayo Kyela kuja Tukuyu hupanda toka kiasi cha meta 500 karibu na Ziwa Nyasa hata kufika kama meta 1,600. Lori lenye magunia ya mpunga likipanda njia hiyo, huenda likasimama kando, mvuke ukafuka, na mtu wa kwanza kushuka akasema: "Themostati hiyo, itoeni!" Mafundi wengi huitoa kweli, na gari likaenda. Mimi nasema ya kuwa huku kwetu Nkunga, penye baridi na ukungu, dawa hiyo haifai.

Themostati ni kilango kidogo chenye nta ndani yake. Maji yakiwa baridi kilango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini tu. Yakipata joto, nta hutanuka na kusukuma kilango, ndipo maji yaendapo kupoa katika rejeta. Ikiondolewa, injini hukawia kupata joto. Asubuhi za Juni na Julai itakula mafuta mengi, na oili itaharibika upesi.

Basi twapimaje? Liwashe gari lililopoa, uguse mpira wa juu wa rejeta, ukijihadhari na feni. Ukianza kupata uvuguvugu mara moja, kilango kimekwama wazi. Mshale wa joto ukipanda sana na mpira ungali baridi, huenda kimekwama kikiwa kimefungwa; lakini zima injini, ingoje ipoe, kisha utazame kiasi cha maji, kwa kuwa rejeta tupu huonyesha dalili hiyo hiyo. Katika magari mengine themostati iko penye mpira wa chini; hapo uguse huo.

Ukiitoa, itie katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto cha maabara, uining'inize kwa uzi isiguse chini. Juu yake imepigwa namba, mathalani 82 au 88, ambayo ni nyuzi za Selsiasi ianzapo kufunguka. Hapa ndipo wengi hukosea. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Tukuyu huchemka kwa kiasi cha nyuzi 95, kwa sababu hewa ya mlimani haikandamizi sana. Hata ukichochea moto namna gani, sufuria haitapita hapo. Themostati ya 88 huhitaji kama nyuzi 10 zaidi ndipo ifunguke kabisa. Kwa hiyo ikifunguka nusu tu katika sufuria yako, usiitupe. Ni nzima.

Jambo hilo hilo laonyesha mkosaji ambaye mara nyingi hasingiziwi, nao ni mfuniko wa rejeta. Springi yake hubana maji, yasichemke hata yapitapo nyuzi 100. Mpira wake ukipasuka, maji huchemka kwa nyuzi 95, wakati injini haijazidi joto lake la kawaida. Gari likitoa mvuke huku mshale uko katikati, nami ningetazama mfuniko kwanza. Usiufungue kungali moto, kwani maji yaliyobanwa hurukia usoni na kuunguza vibaya. Ngoja hata uweze kuushika kwa mkono mtupu, kisha utazame mpira na ubonyeze springi. Huo ni rahisi kubadilisha, na themostati yako hukaa mahali pake.