Nukta si Dakika: Istilahi za Kielekezanjia cha Setilaiti Garini

Kila chombo kipya kiingiapo nchini huja na maneno yake. Tusipoyapatia maneno hayo makazi katika Kiswahili, chombo hutumika nusunusu, au hutumika vibaya. Katika makala hii tutaeleza istilahi zihusuzo chombo ambacho sasa kimeenea katika magari ya serikali, ya mashirika na ya watu binafsi, yaani kile kipokeacho mawimbi ya setilaiti na kumwonyesha dereva mahali alipo na njia ya kufuata. Tutaeleza kwanza kazi yake, kisha namna kinavyofungwa garini, na mwisho tutayachambua maneno yanayoleta utata. Nia yetu ni kwamba afisa aandikaye mahali, na dereva asomaye maandishi hayo, waelewe kitu kile kile.

Tumechagua Nalasi kuwa mfano wetu. Nalasi imo katika Wilaya ya Tunduru, Mkoa wa Ruvuma. Gari litokalo Songea, makao makuu ya mkoa, hushika barabara ya lami kupitia Namtumbo hadi Tunduru, mwendo wa zaidi ya kilometa 250. Baada ya hapo huiacha lami na kuelekea kusini, upande wa mto Ruvuma ambao ni mpaka wetu na Msumbiji. Huko njia ni za udongo, vijito ni vingi, na wakati wa mvua njia iliyopitika jana huenda isipitike leo. Zaidi ya hayo, Wilaya ya Tunduru imepitiwa na ushoroba wa wanyama unaounganisha Selous na Hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Askari wa wanyamapori, mabwana shamba wa korosho, wauguzi wa chanjo na wapima ardhi wote huhitaji kutajiana mahali pasipo na kibao wala jina la mtaa. Hapo ndipo istilahi huacha kuwa jambo la vitabuni.

I. Mfumo, Kipokezi na Ramani

Wananchi wengi hukiita chombo hiki "jipiesi". Neno hilo limetokana na herufi GPS, ambazo ni jina la mfumo wa Marekani. Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yakipunguzwa usahihi kwa makusudi. Tangu hapo kipokezi cha kawaida, kikiwa mahali pa wazi, huweza kuonyesha mahali kwa tofauti ya mita chache tu. Leo Urusi ina mfumo wake uitwao GLONASS, Umoja wa Ulaya una Galileo, na China ina BeiDou. Vipokezi vingi vya siku hizi husikiliza mifumo kadhaa kwa pamoja. Kwa hiyo si sahihi kuiita mifumo yote "jipiesi", kama vile isivyo sahihi kuyaita magari yote Land Rover.

Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwa kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi yametumia kusafiri, na kikipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali kilipo na kimo chake.

Maelezo hayo yanatuonyesha kwamba hapana budi kutofautisha vitu vitatu. Kwanza upo mfumo, yaani setilaiti na mitambo inayoziongoza. Pili kipo kipokezi, yaani chombo kilichomo garini. Tatu ipo ramani, yaani picha ya nchi iliyohifadhiwa ndani ya chombo au inayoletwa kwa mtandao wa simu. Dereva afikaye mahali pasipo na mtandao wa simu akaona kioo cheupe, husema, "Jipiesi imekufa." Kwa kweli haijafa. Kipokezi hakihitaji mtandao wa simu, nacho bado kinajua mahali kilipo. Kilichokosekana ni ramani, kwa kuwa haikupakuliwa kabla ya safari. Dereva aliyefundishwa maneno matatu badala ya moja angejua kwamba bado anaweza kusoma tarakimu za mahali alipo na kuzilinganisha na ramani ya karatasi.

II. Kukifunga Chombo Garini

Chombo chenyewe chaweza kuwa kielekezanjia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu, au simu, au kishikwambi chenye kipokezi ndani yake. Kikae juu ya kishikizi kilichokazwa imara, kwa maana mtikisiko wa njia mbovu huling'oa lolote lililobandikwa kwa gundi hafifu. Kisiwekwe mahali panapomziba dereva asione mbele, wala mahali ambapo kitamrukia abiria gari likisimama ghafla.

Umeme hutoka katika betri ya gari, ambayo kwa magari mengi madogo ni ya volti 12, na kwa malori mengi ni ya volti 24. Simu na vishikwambi huchajiwa kwa kawaida kwa volti 5, kwa hiyo huhitajika kipunguza volti. Waya ukivutwa moja kwa moja kutoka kwenye betri, sharti uwekewe fyuzi karibu na betri yenyewe, ili waya ukichunika usije ukawasha moto. Antena nayo ione anga. Bati la paa huzuia mawimbi, na keria iliyojaa mizigo huweza kufanya vivyo hivyo. Mahali pafaapo ni nyuma ya kioo cha mbele, au juu ya paa ikiwa antena ni ya nje.

Kabla ya kuondoka Songea au Tunduru, ramani ya eneo lote ipakuliwe, na mipangilio ya chombo ikaguliwe. Hiyo mipangilio ndiyo chimbuko la utata tutakaoueleza sasa.

III. Nukta, Dakika na Sekunde

Mahali popote duniani hutajwa kwa latitudo na longitudo, nazo hupimwa kwa nyuzi. Uzi mmoja hugawanyika katika dakika 60, na dakika moja katika sekunde 60. Uzi mmoja wa latitudo ni sawa na kilometa 111 hivi. Dakika moja ni kilometa 1.85 hivi, na sekunde moja ni mita 31 hivi.

Chombo kimoja chaweza kuandika mahali kwa namna tatu: kwa nyuzi za desimali, kwa nyuzi na dakika za desimali, au kwa nyuzi, dakika na sekunde. Tuchukue mfano. Tembo wameingia shambani, na mtu apiga simu kuwaarifu askari kwamba wako kusini, "kumi na moja, thelathini". Je, ni nyuzi 11 nukta 30, au nyuzi 11 dakika 30? Nyuzi 11 nukta 30 ni sawa na nyuzi 11 na dakika 18. Tofauti ya kauli hizo mbili ni dakika 12, yaani kilometa 22 hivi. Gari la askari litasimama mahali pasipo na tembo, huku mahindi yakiliwa na watu wakiwa hatarini, na kila upande utaamini kwamba umesema kweli.

Utata huu unazidishwa na historia ya neno "nukta" katika Kiswahili. Neno hilo lina maana ya kitone, la alama ya kukomesha sentensi, la alama ya desimali, na pia la sekunde ya saa. Kwa hiyo mtu asemaye "nyuzi 11, dakika 30, nukta 15" anaweza kueleweka kwa njia mbili, na tofauti yake ni mita 185 hivi. Kwa mazungumzo ya kawaida utajiri huo wa neno ni mzuri. Kwa kutaja mahali, haufai. Tunapendekeza kwamba katika uwanja huu "nukta" itumike kwa alama ya desimali peke yake, na sehemu ya sitini ya dakika iitwe "sekunde" daima. Tena mtu asitaje tarakimu mbili zikifuatana bila kutaja jina la kipimo kati yake.

Neno la upande nalo lisiachwe. Vyombo vingine huandika kusini kwa alama ya kutoa. Mtu akiandika latitudo ya 11.5 na longitudo ya 37.5 bila kusema "kusini", chombo hakitampeleka Tunduru. Kitamwonyesha nchi ya Ethiopia, karibu na Ziwa Tana. Na akibadilisha nafasi za latitudo na longitudo, hata kama upande wa kusini ameutaja, ataonyeshwa maji ya bahari kusini-magharibi ya Rasi ya Tumaini Jema.

IV. Msingi wa Ramani

Jambo la mwisho halifahamiki sana, nalo ni umbo la dunia ambalo mchora ramani amelichukua kuwa msingi wa vipimo vyake. Ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Vipokezi vya GPS hutumia msingi uitwao WGS 84. Tarakimu zile zile zikisomwa kwa misingi hiyo miwili hutofautiana kwa mita 300 hivi. Katika barabara kuu tofauti hiyo haina madhara makubwa. Porini, mita 300 ni tofauti kati ya kivuko na korongo.

Wapo wapendao kusema "datumu". Sisi tunaona kwamba neno hilo halimwambii dereva lolote, na tena linafanana na "data", ambayo ni kitu kingine. Tunapendekeza "msingi wa ramani", kwa sababu hata asiyesomea upimaji atahisi kwamba msingi ukisogea, nyumba yote husogea.

V. Sababu za Uteuzi Wetu

Wasomaji huenda wakauliza kwa nini tusitumie "dira", neno la kale la mabaharia wetu. Sababu ni kwamba dira huonyesha upande, haionyeshi mahali. Kipokezi cha setilaiti kwa asili yake huonyesha mahali, na huutambua upande kwa kulinganisha mahali kilipo sasa na kilipokuwa kabla. Gari likisimama, chombo kisicho na dira ndani yake huweza kuonyesha upande usio wa kweli. Vitu viwili tofauti vyastahili majina mawili.

Lipo pia neno "majira", ambalo kwa mabaharia lilikuwa na maana ya njia ifuatwayo na chombo. Ni neno zuri, lakini leo wananchi walio wengi husikia ndani yake misimu na saa. Tumeona afadhali kutumia "njia iliyopangwa".

Kwa tarakimu za mahali, baadhi ya watu husema "kodineti" na wengine "kuratibu". Hilo la pili ni kitenzi cha kazi za ofisini. Mratibu wa mradi huratibu watu, wala hatafuti latitudo. Neno "viwianishi" limekwisha anza kutumika, nasi twaliunga mkono.

Hatudai kwamba neno hushinda kwa kuwa limependekezwa. Neno "kishikwambi" lilionekana geni kwa wengi, lakini katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 liliwafikia wananchi pamoja na chombo chenyewe, mikononi mwa makarani, na sasa halihitaji kuelezwa. Fundisho lake ni kwamba istilahi iandamane na kifaa. Orodha ifuatayo yafaa ibandikwe ndani ya gari, na isomwe siku ile chombo kinapofungwa.

Istilahi Zinazopendekezwa

Kielekezanjia: chombo kimwonyeshacho dereva mahali alipo na njia ya kufuata.
Kipokezi: sehemu ya chombo ipokeayo mawimbi ya setilaiti na kukokotoa mahali.
Kishikizi: kifaa kishikiliacho chombo garini.
Kipunguza volti: kifaa kishushacho umeme wa betri hadi kiwango cha chombo.
Viwianishi: tarakimu za latitudo na longitudo zitajazo mahali pamoja.
Nyuzi za desimali: namna ya kuandika viwianishi bila dakika wala sekunde.
Nukta: alama ya desimali, si kipimo.
Msingi wa ramani: umbo la dunia na mahali pa kuanzia vipimo, ambavyo ramani imechorwa kwavyo.
Alama ya mahali: mahali palipohifadhiwa katika chombo ili parejewe.
Njia iliyopangwa: njia iliyowekwa katika chombo kabla ya safari.
Njia iliyopitwa: kumbukumbu ya mahali gari lilipopita.

Tunawaomba wafasiri wa vitabu vya maelekezo, walimu wa jiografia na maafisa usafirishaji wazijaribu istilahi hizi kazini, na kutuletea maoni, hasa pale neno litakapomkwamisha dereva. Lile la nukta na dakika, hata hivyo, tunaomba lianze kutumika mara moja, maana gari liliokwisha kupotea kwa kilometa 22 haliwezi kungoja kikao cha istilahi.