Kabla ya kutia sahihi, tuulize kilicho chini ya Panda

George Grey na wenzake wa kampuni ya Tanganyika Concessions walipofika Katanga mwaka 1899 kutafuta shaba, kazi yao ilirahisishwa sana na mashimo ya kale. Kambove, Likasi na kwingineko, wenyeji walikwishachimba vilimani wakifuata malakaiti, lile jiwe la kijani. Machimbo mengi yaliyoitajirisha Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, yalikuwa yamegunduliwa zamani na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mitambo ilipokuja, ilianzia palepale penye mashimo yao. Kibali kimoja kikatoa shaba na kufuta ushahidi wa waliotangulia.

Ufundi wao haukuwa wa kubahatisha. Wakati wa kiangazi, waliojulikana kama wakula shaba walipanda kwenye machimbo, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta moto wa makaa na kumimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu za umbo la msalaba. Misalaba ya shaba ya namna hiyo ilikutwa katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako watafiti Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba mwaka 1957. Penye tanuru lenyewe hubaki vitu vidogo tu: mavi ya shaba, vipande vya mirija ya udongo, majivu. Buldoza halihitaji hata asubuhi nzima kuvisomba.

Panda ina tabaka jingine, la karibu zaidi. Komini hii ya Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ilikua pamoja na viwanda vya Union Minière na kambi za wafanyakazi wake. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma Likasi na Lubumbashi wakidai mishahara, na askari wakawafyatulia risasi. Kwangu mimi kambi, karakana na njia za reli za enzi ile zinastahili heshima ileile tunayoupa msalaba wa shaba wa miaka mia tano. Hata hivyo ukuta wa matofali ya kambi ukibomolewa leo, wengi huona ni matofali tu.

Sheria tunazo. Sheria ya kulinda mali za utamaduni ilitolewa mwaka 1971. Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inakataza kukalia ardhi yenye mabaki ya kale bila idhini ya mamlaka husika, tena inayataja mabaki hayo sambamba na makaburi. Mwenye hati ya madini akikuta vitu vya kale anapaswa kutovihamisha, na kuwaarifu kwa maandishi wakuu wa utamaduni.

Udhaifu uko kwenye neno “akikuta”. Atakuta vipi, ikiwa hakuna aliyepita kabla yake? Dereva wa mtambo hajafundishwa kutofautisha mavi ya shaba na kokoto. Hati ya madini inatoka kwa Cadastre Minier, hati ya kiwanja kwa msimamizi wa hati za ardhi, na kila meza inakagua karatasi yake. Mtu wa utamaduni huitwa mwishoni, akiitwa. Sihitaji kueleza kwa nini dunia inatambua maeneo matano ya Kongo kuwa urithi wa ulimwengu, yote ya misitu na wanyama, na hakuna hata moja la kazi ya mikono yetu.

Najua vijana wa Panda wanataka kazi, na mwenye kiwanja anataka kujenga kabla ya mvua. Simwombei mtu azuiwe. Naomba mpangilio ubadilike: mtu anayejua kusoma ardhi apite kwanza, aandike alichokiona, kisha sahihi ifuate. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yapo, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kipo. Na Panda kuna wastaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, wakiwemo walioondoka kazini mwaka 2003, wanaokumbuka kilima kipi kilikuwa na mashimo kabla hakijachimbwa na nyumba zipi zilikuwa za kambi ya kwanza. Burugumestre anaweza kuwaita wiki ijayo, awape karani na daftari, na ramani itakayotoka ibandikwe ukutani katika ofisi ambako maombi ya viwanja yanapokelewa.